Mswaki, Maji na Kisu: Historia ya Meno Katika Nchi ya Singida

Umwonapo kijana mwenye meno ya rangi ya kahawia, wasema nini moyoni mwako? Aghlabu ya watu husema: "Huyu hapigi mswaki." Hukumu hiyo hutolewa upesi, bila ya shahidi na bila ya kuuliza. Tena hutolewa na watu wema, wenye kusali na kufunga, wasiopenda kumdhulumu mwenzao hata senti moja. Lakini mara nyingi hukumu hiyo ni dhuluma.

Tufuatane hadi Mkiwa, mkoa wa Singida, katika njia kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Itigi na Rungwa. Msafiri husimama, hununua chochote, hutazamana na wenyeji wa nchi hiyo, kisha huendelea na safari yake. Na kama ni mtu wa pwani au wa Dar es Salaam, huenda akaondoka na hukumu ile ile: "Watu wa huku hawajali meno yao."

Ukweli ni kwamba meno ya watu wa nchi hii ya kati yana alama tatu, na kila alama ina historia yake. Iko alama ya maji, iko alama ya kisu, na iko alama ya sukari. Mswaki una uwezo juu ya moja tu katika hizo tatu. Asiyejua tofauti baina yao atawalaumu wasio na kosa, na atawaacha wenye haja ya kusaidiwa. Basi na tuanze na mswaki wenyewe.

KIJITI KILICHOTANGULIA

Kusafisha meno kwa kijiti si jambo lililoanza jana. Watu wa kale wa Babeli walitafuna vijiti, na makabila mengi ya Afrika yalikuwa na miti yao ya kusafishia kinywa kabla ya mgeni yeyote kufika. Uislamu ulipokuja katika karne ya 7 haukuikuta dunia haijui kijiti. Ulichofanya ni kukichukua kitu cha kawaida, kilichomo mikononi mwa maskini na tajiri, ukakitia katika ibada.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bwana Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka, angewaamrisha kupiga mswaki kila wanaposimama kusali. Imepokewa vile vile kwamba alikuwa akisugua meno yake anapoamka usiku, na kwamba jambo la kwanza alilolifanya alipoingia nyumbani kwake lilikuwa ni kupiga mswaki. Hata katika saa zake za mwisho, Abdurrahman mwana wa Abu Bakr alipoingia na kijiti mkononi, Bibi Aisha alifahamu kutokana na macho ya Mtume kwamba anakitaka. Akakichukua, akakilainisha, akampa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo moja katika hadithi ile ya kwanza. Kwa nini mswaki haukufanywa faradhi? Kwa sababu ya huruma. Mtume aliwatazama watu wake, akajua kwamba wako wazima na wagonjwa, wenye nafasi na wasio na nafasi. Akasisitiza usafi kwa nguvu zote, lakini hakuwabebesha watu mzigo wasioweza kuubeba. Liweke funzo hilo akilini, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye habari ya maji.

Mti uliosifika zaidi kwa kazi hii ni ule ambao Waarabu wauita arak, na wataalamu wa mimea wauita Salvadora persica. Katika Kiswahili mti huo huitwa mswaki, kama kifaa chenyewe. Ni mti unaostahimili ukame na ardhi ya chumvi, nao humea katika sehemu kavu za Tanzania. Kwa hiyo ile sunna iliyotoka katika jangwa la Hijazi ilipofika bara ilikuta mti wake umekwisha kusimama unaingoja.

Ilifikaje? Kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia katika pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, ndiko sehemu za Manyoni na Itigi za leo, mpaka Unyanyembe karibu na Tabora. Misafara hiyo ilibeba mambo mengi, mengine ya aibu, kwani biashara ya watumwa ilikuwamo. Lakini pamoja na bidhaa ilipita lugha ya Kiswahili, na pamoja na lugha lilipita neno mswaki, lenye asili ya Kiarabu. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Stesheni za Manyoni na Itigi zikawa milango ya nchi hii.

KUTOKA KIJITI HADI BRASHI

Brashi ya meno tunayoijua leo ina asili ya Uchina. Huko, tangu karne ya 15 na kabla yake, walipachika nywele ngumu za nguruwe katika mpini wa mfupa au wa mwanzi. Ulaya iliiga. Mwaka 1780 Mwingereza William Addis alianza kutengeneza brashi kwa wingi mjini London, na kwa muda mrefu nywele zilizotumika katika brashi nyingi ziliendelea kuwa za nguruwe.

Hapa utaona kwa nini Waislamu wengi hawakuikimbilia brashi ya Mzungu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, nywele za nguruwe ni najisi. Mtu atatiaje najisi katika kinywa ambacho baada ya dakika chache kitasoma Qur'ani? Wale waliowacheka wazee wetu kwa kung'ang'ania kijiti hawakuwauliza sababu.

Mambo yalibadilika mwaka 1938, kampuni ya Du Pont ya Marekani ilipotoa brashi yenye nyuzi za nailoni. Nailoni haitoki kwa mnyama. Hutengenezwa kiwandani kwa kemikali. Shaka ikaondoka, bei ikashuka, na brashi ikaenea dunia nzima. Ilipofika kwetu, Waswahili hawakuitafutia jina jipya. Waliiita mswaki, na mpaka leo mtoto wa Mkiwa anayeshika brashi ya plastiki husema "napiga mswaki", neno lile lile la kijiti cha arak. Chombo kimebadilika, wajibu umebaki.

Wengine huuliza: je, kijiti bado kinafaa, au ni ushamba? Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 lilihimiza watu waliozoea kijiti waendelee kukitumia. Na uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kijiti kikitumiwa vizuri huondoa ukoga karibu sawa na brashi. Kikitumiwa vibaya huacha ukoga upande wa ndani wa meno, na huweza kuujeruhi ufizi. Yaani kinachotazamwa ni mkono, si chombo. Mwenye brashi ya bei kubwa anayeipitisha mara mbili mbele ya kioo akaiweka, hamshindi bibi kizee wa kijijini anayekaa na kijiti chake robo saa akilipitia kila jino.

Huo ndio mswaki na heshima yake. Sasa tuone mahali ambapo nguvu zake zinakoma.

ALAMA YA MAJI

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, huko Marekani. Akashangaa kuwakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa. Wengine walisema sababu ni chakula, wengine wakasema ni hali ya damu yao. McKay hakuridhika. Akaona kwamba waliozaliwa mjini au waliokuja wakiwa wachanga walikuwa na madoa, bali waliohamia wakiwa watu wazima hawakuwa nayo. Akashuku maji. Ilimchukua miaka thelathini. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya namna hiyo akakuta yana madini ya floridi kwa wingi.

Sasa rudi Singida. Ardhi ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na mingine ya kaskazini na kati imo katika nchi ya bonde la ufa na milima ya volkano, au karibu nayo. Katika sehemu nyingi mawe yake yana floridi, na maji yanayokaa chini kwa muda mrefu huiyeyusha. Si kila kisima ni kibaya. Visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana sana. Lakini mkoa wa Singida umo katika orodha ya mikoa inayojulikana kwa tatizo hili. Magadi yanayotiwa katika maharage na mboga, yakitoka katika maziwa ya chumvi, nayo huweza kuongeza floridi.

Floridi kidogo ni rafiki wa jino. Hulitia ugumu lisioze. Ikizidi, humdhuru mtoto wakati meno yake yanapojengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi kiasi cha miaka minane. Jino hutoka katika ufizi likiwa tayari na mistari meupe au madoa, na baadaye huwa la kahawia. Ikizidi sana na kwa muda mrefu, hufika katika mifupa. Ndiyo maana katika sehemu kama Maji ya Chai, karibu na Arusha, wameonekana watu wenye miguu iliyopinda.

Fahamu basi, ndugu msomaji: doa hilo limo ndani ya jino, halikupakwa juu yake. Usugue kwa brashi, kwa kijiti, kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga, halitoki. Tena mkaa, majivu na mchanga hulikwangua gamba la nje la jino, likawa dhaifu zaidi. Vijana wangapi wameyaharibu meno yao kwa kusugua mchanga usiku na mchana, ili tu wasichekwe? Wangapi hufunika mdomo kwa mkono wanapozungumza na mgeni?

Nani basi wa kulaumiwa? Hata hapa tusihukumu haraka. Maji ya madimbwi yaliwaua watoto kwa kuhara na yaliwapa kichocho. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya redio na vikundi vya kujifunza iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyopigana na malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Katika miaka hiyo hiyo watu walikusanywa katika vijiji, na vijiji vikahitaji maji. Kisima kirefu kikawa ni neema, na kwa kweli kiliokoa maisha. Mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu floridi hadi miligramu 8 katika lita moja ya maji, ingawa kiwango cha Shirika la Afya Duniani sasa ni 1.5. Si kwamba wataalamu hawakujua. Walijua kwamba wakikaza kiwango, vijiji vingi vingebaki bila ya maji yanayoruhusiwa. Baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kikashushwa hadi 1.5.

Lakini kiwango kilichoandikwa katika karatasi hakichuji maji. Kazi ya kuchuja imefanywa katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, kilichoendeleza njia ya kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi. Na katika kila nyumba liko jambo linalowezekana: maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Familia inayokinga mvua juu ya bati safi na kuyahifadhi maji hayo kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka minane, imemlinda kuliko mswaki wowote. Na ijulikane kwamba kuchemsha hakuondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kuzuri. Lakini floridi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi ukali.

Hapa ndipo tunaporudi kwa ile huruma tuliyoitaja. Ikiwa Mtume hakutaka kuubebesha umma wake mzigo wa kijiti, sisi ni nani tumbebeshe kijana lawama ya madini yaliyomo katika mawe ya nchi aliyozaliwa?

ALAMA YA KISU

Alama ya pili ni nzito zaidi, na nakuomba uisome mpaka mwisho, hasa kama una mtoto mchanga au mjukuu.

Kuondoa au kuchonga meno kwa mila kulijulikana katika makabila kadhaa ya Afrika Mashariki. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ugogo waliandika kuhusu watu waliong'oa meno mawili ya chini ya mbele. Dini yetu imekataza kuyachonga meno na kuyatenganisha kwa ajili ya urembo. Mila hizo za zamani zimefifia. Lakini badala yake umeingia msiba mwingine, unaoitwa "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni".

Mtoto wa miezi michache hushikwa na homa, huhara, hukataa kunyonya. Mama mwenye hofu huambiwa na jirani: "Mtoto huyu ana meno ya plastiki." Hupelekwa kwa mganga, ufizi hutazamwa, na penye chonge huonekana uvimbe mweupe. Mganga huchukua kisu, msumari au spoki ya baiskeli, akachimbua. Hutoa kitu cheupe na laini, akamwonyesha mama: "Tazama, ndiyo plastiki yenyewe."

Ndugu msomaji, kitu hicho si plastiki. Ni jino changa la chonge, ambalo Mwenyezi Mungu alikuwa bado analijenga. Ni laini kwa sababu halijapata ugumu wake. Lingeachwa, lingetoka lenyewe mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu au miwili. Na ule uvimbe mweupe wa ufizi wanao watoto wote, wagonjwa na wazima, wa tajiri na wa maskini. Mganga hamtafuti kwa sababu hawezi kumkosa.

Watetezi wa jambo hili husema: "Ni mila ya wazee wetu." Basi na tuiulize historia. Mwaka 1969 bingwa wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika habari za kung'olewa meno machanga huko Uganda. Katika Tanzania jambo hili lilisikika sana katika miaka ya 1980, likaenea katika mikoa mingi, Singida na Dodoma zikiwamo. Na jina lenyewe linajisuta. Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 na kutangazwa duniani mwaka 1938, pamoja na ile brashi tuliyoitaja. Babu wa babu zetu hakupata kuiona nailoni wala plastiki; atawezaje kuturithisha ugonjwa wenye jina hilo? Huu si urithi, ni uvumi uliovaa kanzu ya wazee.

Na madhara yake? Damu humtoka mtoto aliyekwisha dhoofika kwa kuhara. Chombo kichafu huingiza pepopunda na sumu nyingine katika damu. Na kikipita kutoka kwa mtoto hadi mtoto huweza kubeba virusi vya ukimwi. Wengine hufa. Anayepona huweza kukua bila ya chonge, au chonge la ukubwani likatoka limepinda, kwa sababu kisu kimeigusa mbegu yake. Na ile kuhara iliyomleta kwa mganga bado ipo, haikutibiwa.

Kwa nini watoto wengi huhara katika umri huo? Kwa sababu ndipo wanapoanzishiwa uji na maji, na ndipo wanapotia kila kitu kinywani. Dawa yake ni kuendelea kumnyonyesha, maji ya chumvi na sukari ya hospitali yaliyochanganywa sawasawa, vidonge vya zinki, na kumwahi mganga wa zahanati. Hakuna kisu katika matibabu hayo.

ALAMA YA SUKARI

Alama ya tatu ni tundu jeusi katika gego. Hii ndiyo alama ambayo mswaki una uwezo nayo.

Ukoga ni utando wa vijidudu unaoshika juu ya jino. Ukipata sukari hutengeneza asidi, na asidi hulila jino kidogo kidogo. Wazee wetu waliokula uwele, mtama na maziwa hawakuwa na sukari nyingi ya kuulisha ukoga. Asali ilikuwapo, lakini haikuwa ya kila saa. Kisha reli ikaleta maduka, na viwanda vikaleta wingi. Kiwanda cha Kilombero kilianza kutoa sukari mwaka 1962. Leo katika njia panda kama ya Mkiwa, soda, biskuti na peremende zimefika mahali ambapo daktari wa meno hajafika.

Tusisahau kwamba utabibu wa meno katika nchi yetu ni mchanga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha madaktari wa meno pale Muhimbili mwaka 1979. Mpaka leo walio wengi humwona mtaalamu siku maumivu yamezidi, na dawa huwa ni kung'oa. Kwa hiyo kinga ya mtu wa kijijini imo mkononi mwake.

WAJIBU WA KILA UMRI

1. Mtoto mchanga. Ufizi wake ufutwe kwa kitambaa safi chenye maji. Jino la kwanza likitoka, kwa kawaida karibu na miezi sita, lianze kusuguliwa kwa mswaki laini. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele tu. Asilazwe na chupa ya uji au chai ya sukari mdomoni.

2. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita. Dawa ya meno isizidi ukubwa wa njegere. Afundishwe kutema. Katika nchi yenye floridi nyingi jambo hili lina uzito zaidi, kwani dawa nyingi za meno zina floridi, na akimeza humwongezea. Mzazi amsugue mwenyewe, kwani mkono wa mtoto haujawa na ustadi mpaka afike kiasi cha miaka saba au minane.

3. Mtoto wa shule. Karibu na miaka sita hutoka gego la kwanza la ukubwani, nyuma ya meno yote ya utotoni. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, litang'oka lije jingine. Haliji jingine! Likioza, limekwenda. Walimu wa shule na wa madrasa walitaje jino hili kwa jina na wawaonyeshe watoto mahali lilipo.

4. Mtu mzima. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa uchache, na muda wa dakika mbili: asubuhi, na usiku kabla ya kulala, ambao ndio wakati muhimu zaidi. Apitie nje, ndani na juu ya meno, na ulimi pia. Brashi iwe laini, ibadilishwe nyuzi zikilala, kiasi cha kila miezi mitatu, wala isitumiwe na watu wawili. Mwenye kutumia kijiti akate kibichi chenye unene wa penseli, atafune ncha mpaka iwe nyuzi, asugue kutoka ufizi kwenda ncha ya jino, upande wa ndani asiusahau. Kila siku akate ncha iliyotumika.

5. Mama mjamzito. Ufizi wake huvimba na kutoka damu kwa urahisi. Wengi huacha mswaki kwa kuogopa damu. Inapasa kuendelea, kwa upole.

6. Mzee. Kung'oka meno si sheria ya uzee. Aghlabu ni matokeo ya ufizi uliougua miaka mingi bila kutunzwa, na tumbaku huzidisha. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku na kuyasafisha.

Neno moja kuhusu Ramadhani. Wako wanaoacha mswaki mwezi mzima kwa kudhani kwamba unafunguza. Wafuasi wa Imam Shafii huuona ni karaha kwa aliyefunga baada ya adhuhuri, na wengine kama Mahanafi na Wamaliki huuruhusu mchana kutwa. Lakini hakuna aliyekataza mswaki usiku! Nasi usiku wa Ramadhani ndio tunakula tende, kaimati na chai yenye sukari mara nne na tano. Asiyepiga mswaki baada ya daku hulala na karamu ya vijidudu kinywani mwake.

MWISHO

Ndugu msomaji, katika Kiswahili neno mkiwa lina maana ya mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumsaidia. Hatudai kwamba kijiji kile kilipata jina lake kwa maana hiyo. Lakini yuko mkiwa katika kila kijiji chetu: kijana anayechekwa kwa doa asilolitia yeye, na mtoto mchanga anayeshikwa miguu na mikono ili achimbuliwe jino ambalo halijamkosea mtu. Hao hawana wa kuwasemea isipokuwa wewe unayejua.

Basi wajibu wetu ni wa namna tatu. Sukari, tupigane nayo kwa mswaki. Maji, tupigane nayo kwa kuuliza: kisima chetu kimepimwa? Kina floridi kiasi gani? Kamati ya maji na halmashauri zina haki ya kuulizwa, na kila nyumba yenye bati ina uwezo wa kukinga mvua. Na kisu, tupigane nacho kwa ulimi: katika hotuba ya Ijumaa, katika mikutano ya kijiji, katika vikao vya akina mama. Mkunga mmoja, bibi mmoja au imamu mmoja akisema mbele ya watu, "Mtoto huyu apelekwe zahanati, asipelekwe kwa kisu," huenda akawa ameokoa roho.

Usafi ni sehemu kubwa ya dini yetu. Lakini usafi wa kinywa hautimii kwa kusugua meno peke yake. Kinywa kilichosuguliwa kwa arak bora, kisha kikamsengenya mwenye meno ya kahawia, bado hakijatakata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusafishe vinywa vyetu na nyoyo zetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.